Panda Kilima Maji Yakiwa Juu: Mwongozo wa Mikindani na Ghuba ya Mnazi

Wageni wengi wanaokuja Mtwara hufanya kosa moja, na mimi nililifanya kwa miaka: hutazama saa. Wanapanga kwamba kesho saa tatu watakuwa Msimbati kwenye Ghuba ya Mnazi, saa nane Mikindani, jioni wapunge upepo Shangani. Wakifika Mikindani wanakuta tope jeusi, ngalawa zimelala ubavu na harufu ya mwani imetanda mtaani. Wanapiga picha mbili, wanaondoka, na wakirudi Dar es Salaam husimulia kwamba ule mji umekufa. Au wanafika Msimbati bahari imekwishapanda hadi kwenye mivinje, na ule ufuko mrefu waliosifiwa hawauoni. Hakuna aliyewadanganya, ila wamefika maji yakiwa kwingine.

Kwa hiyo kabla sijakuonyesha njia ya kilimani, tuhesabu maji kwanza.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa Kiislamu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo bahari hujaa sana na kupwa sana. Kati ya kujaa na kupwa, maji huinuka na kushuka zaidi ya mita tatu. Kwenye pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ongeza kama dakika hamsini. Juma likipita utakuta mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa uvivu, hayapandi sana wala hayaendi mbali. Hayo ni maji mafu. Zipo programu za simu za kukuhesabia, lakini ukimwuliza mzee anayetoka msikitini alfajiri kwamba leo mwezi ngapi, umemaliza.

Ukiweza kuchagua, njoo siku za bamvua. Asubuhi ya saa nne utaikuta Msimbati pwani tupu, mchanga mgumu na miamba iko wazi. Jioni ya saa kumi utaikuta Mikindani imejaa hadi ukingoni. Mwenye haraka anaweza kuvifanya vyote siku moja. Nakushauri uchukue mbili, kwa sababu ukirudi kutoka Msimbati umejaa chumvi na mchanga, kilima utakiona kirefu kuliko kilivyo.

Njia ya kilimani

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni takribani kilomita 11 kwa barabara ya Lindi. Daladala zipo mchana kutwa, na bajaji wanakwenda mkipatana. Shuka pale barabara inapoandamana na maji. Boma jeupe utaliona juu ya mteremko hata kabla hujauliza mtu, na kilima chenyewe ni ule msitu uliosimama nyuma yake.

Vitabu vya watalii hukiita Kilima cha Bismarck. Jina hilo hunichekesha kila nikilisikia. Otto von Bismarck aliondoka madarakani Ujerumani mwezi Machi 1890, na majeshi ya Wajerumani yakaitwaa Mikindani mwezi Mei mwaka huohuo, baada ya upinzani wa pwani uliowafukuza maofisa wa kampuni yao mwaka 1888. Kwa hiyo wakati wanaingia hapa, mwenye jina la kilima alikuwa amekwishastaafu miezi miwili. Vijana niliopanda nao husema tu "kule mlimani," na ukiuliza hivyo utaelekezwa vizuri zaidi.

Usipande peke yako. Hatari hakuna kubwa, ila vijia vya watafuta kuni na wenda mashamba vinapishana na kupotea, na baada ya mvua ya masika njia ya mwaka jana huwa imefunikwa. Tafuta kijana wa mji, mpatane bei kabla ya kuondoka, na umlipe mkirudi. Ukiona mzee amekaa barazani karibu na njia, msalimu shikamoo na umwambie unakwenda kutazama mji toka juu. Hutamwomba ruhusa, ni adabu tu. Na mara nyingi ni yeye atakayemwita mjukuu akupeleke.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu. Nasema hivi kwa sababu ya upupu. Mmea huu hutambaa juu ya vichaka, na mvua zikikatika maganda yake hukauka na kuachia vinyweleo vinavyopeperuka. Ukiguswa utajikuna hadi usahau kilichokuleta. Ukiguswa usisugue na usikimbilie maji. Pakaa jivu au mchanga mkavu, upukute taratibu. Tazama na chini pia. Vichaka vya mkoa huu ndivyo vyenye ming'oko, viazi mwitu vinavyochimbwa kwa subira na mkono mrefu, na wachimbaji huacha mashimo yanayoweza kuteguza kifundo cha mguu.

Mwanzo wa njia ni mashamba: mikorosho iliyoinama matawi hadi chini, miembe, minazi michache. Kisha mibuyu. Mikindani ni mji wa mibuyu, na mingine ni minene kiasi kwamba watu watano wakishikana mikono hawaizunguki. Ukipanda zaidi, mitambaazi hufunga vichaka na jua linakuwa vijitobo tu. Hapo penda kusimama. Si kwa kuchoka, maana kupanda kwenyewe ni kwa mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo, bali kwa sababu ndege huwa wametulia joto likianza kupungua, na kwa chini utasikia adhana, mlio wa bodaboda na watoto wakipiga kelele majini, kila sauti peke yake.

Fika juu kama saa kumi na nusu siku ya bamvua. Mbele yako kuna ghuba iliyoumbwa kama mtungi: tumbo pana la mviringo, shingo nyembamba, halafu bahari kuu. Itazame shingo ile kwa muda. Historia nzima ya Mikindani imepita hapo. Mawimbi ya kusi hayaingii ndani, kwa hiyo majahazi yaliweza kulala salama miezi yote, yakingoja pembe, mpira wa mwitu, ufuta na, kwa aibu yetu sote, watu. Misafara iliteremka kutoka nchi ya Wayao na ziwa Nyasa, ikamalizikia kwenye ukingo huu unaouona umejaa minazi. Na shingo hiyohiyo ndiyo iliyouponza mji meli zilipokuwa kubwa. Waingereza walipoanzisha ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, walihitaji gati lenye kina kirefu, wakaliona Mtwara, kwenye mlango wa bahari jirani. Ofisi zikahama, Mikindani ikabaki. Mradi wenyewe ulikufa mapema mwaka 1951. Reli iliyojengwa hadi Nachingwea kubeba karanga ambazo hazikuonekana iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gati likabaki, na leo linabeba korosho.

Shuka kabla jua halijazama. Huku kwetu jua likishaaga halichelewi, na kijia kilichokuwa wazi dakika kumi zilizopita kinakuwa giza tupu chini ya miti.

Chini, mitaani

Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Baada yao Waingereza walilitumia, kisha serikali yetu, halafu likaachwa hadi paa likaanza kuanguka. Shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, lililikarabati na kuligeuza hoteli iliyofundisha kazi vijana wa mji. Hata kama hulali hapo, bisha hodi, omba kupanda mnarani na agiza kinywaji. Ni namna ya kistaarabu ya kulipia mandhari. Kama miguu haiwezi kilima, mnara huo unatosha robo tatu ya nilivyokueleza.

Kisha teremka mtaani bila mpango. Majengo ya mawe na chokaa ya matumbawe yamesimama bega kwa bega na nyumba za udongo na fito, mengine yana roshani za mbao na milango ya nakshi, mengine ni kuta tu zilizootewa na mizizi. Liko jengo la matao linaloitwa soko la watumwa. Siku nyingine utawakuta watu wanafanya biashara ndogondogo ndani yake, na wageni hushangaa. Usishangae sana, watu wa Mikindani hawawezi kuliacha kila jengo lenye huzuni likae tupu, wangebaki na mji wa kuogopa.

Utaonyeshwa pia nyumba yenye kibao cha David Livingstone. Alifika Mikindani tarehe 24 Machi 1866, na kilichomleta ni mikoko. Alitaka kuteremshia wanyama wake mdomoni mwa Ruvuma, maana alikuja na ngamia, nyati, nyumbu na punda, akitaka kujua kama wangestahimili mbung'o. Kinamasi na mizizi ya mikoko vikamkatalia, meli ya kivita Penguin ikalikokota jahazi lake hadi hapa. Alipanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi, akakaa siku chache, akaondoka bara, na hakuonekana tena pwani akiwa hai.

Ningepewa mimi rangi na brashi, ningeandika majina mengine mawili kwenye ukuta ule. Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, na Susi wa Shupanga, walikuwa kwenye msafara uliopita mtaa huu. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika mwaka uliofuata. Mtoto wa Mikindani anayesoma kile kibao hana namna ya kujua hayo.

Neno kuhusu mavazi na kamera. Huu ni mji wa Waislamu na watu wanajuana. Kanga juu ya kaptula haimpunguzii mtu chochote. Kupiga picha nyumba hakuna neno. Kupiga picha watu, uliza, na ukiambiwa hapana usijaribu kwa mbali. Kaburi la zamani ukiliona kando ya njia, hata kama limebomoka, lina wenyewe.

Mtwara mjini nusu siku inatosha

Sitakusumbua sana na mji wa Mtwara, ingawa naupenda. Ulipangwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuja, ndiyo maana barabara zake ni pana na nyumba zimeachana kama zimegombana. Nenda sehemu tatu. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo, eneo la Majengo, ambalo kuta zake zimejazwa picha kubwa za habari za Biblia zilizochorwa miaka ya 1970 na padre Mjerumani Polycarp Uehlein. Rangi zake ni kali na nyuso zake si za watu wa Ulaya, ingia kimya na uzitazame kwa zamu. Soko la samaki pale feri, asubuhi boti zinaporudi. Na kivuko cha kwenda Msangamkuu, rasi iliyo ng'ambo ya mlango wa bandari: kuvuka ni dakika chache, na upande wa pili unaingia kijiji cha wavuvi chenye mchanga mweupe ambao wakazi wa mjini huukumbuka siku ya Idi tu. Uliza saa ya kivuko cha mwisho kabla hujavuka, si baada ya kuvuka.

Msimbati na Ruvula

Sasa Ghuba ya Mnazi. Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita 40 kuelekea kusini mashariki, kupitia Madimba. Magari ya abiria yapo, yanajaa, na ya kurudi huisha mapema; kama huna usafiri wako kodi gari au bodaboda ya dereva anayeijua njia, mkubaliane na saa ya kurudi.

Unaingia hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ikiwa ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Ina kilomita za mraba 650, na sehemu yake kubwa ni bahari. Lakini ndani yake kuna vijiji, mashamba ya minazi, mikoko na visiwa. Kwa hiyo usitegemee uzio na twiga. Watu wanaishi, wanavua, wanaoa humo. Kuna kiingilio, na raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, si fedha mkononi. Mtandao wa simu huwa unayumba huko mbele, hivyo lipia ukiwa bado mjini au hakikisha una salio kabla ya kutoka. Risiti usiitupe.

Njiani utapita kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba. Gesi ya ghuba hii iligunduliwa na kampuni ya AGIP ya Italia mwaka 1982, ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Wakati bomba linapangwa, mwaka 2013, Mtwara iliwaka moto, na watu hawajasahau. Ukianzisha mazungumzo hayo uwe na muda wa kusikiliza. Usipige picha mitambo, visima wala walinzi. Ukitaka kukumbuka habari nzima bila kamera, tazama tu kando ya ukuta wa kiwanda kile baiskeli zinazopita zikiwa na magunia ya mkaa.

Msimbati kwenyewe, siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, ni ufuko wa kutembea hadi uchoke. Mivinje imepangana juu, mchanga mgumu chini, na katikati vidimbwi vyenye vinyota vya bahari, majongoo, kaa na samaki waliosahauliwa na maji. Vaa viatu vya plastiki. Samaki jiwe na fuma hawana habari kwamba wewe ni mgeni. Usikanyage matumbawe. Ghuba hii ina zaidi ya aina 250 za matumbawe, na yamekwishaona mengi: baruti za wavuvi haramu kwa miaka, na joto la bahari la mwaka 1998 lililoyapausha pwani nzima. Tumbawe unalolivunja kwa kisigino limechukua miaka kukua kiasi cha kidole. Kina mama utakaowaona na fimbo wakichokoa mashimo wanatafuta pweza. Salimia, tazama, usipite mbele yao ukavuruga maji.

Wenye kuogelea kwa miwani wangoje maji yaanze kujaa, yakiwa masafi na bado hayajapata nguvu. Ukingo wa mwamba upande wa Ruvula, ukingoni mwa rasi, huteremka ghafla kwenye kina kikubwa na mkondo una nguvu, hivyo nenda na mtu wa pale. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita mbele ya pwani hii kuja kuzaa, na mara nyingine huonekana toka ufukoni bila hata kupanda boti. Kasa nao hutaga hapa. Ukiona alama kama tairi la trekta zimetoka majini kwenda juu, ni yeye. Usifukue, usiwashe tochi, mwambie mtu wa hifadhi au mzee wa kijiji.

Nikueleze sasa kuhusu gari, kwa sababu utajaribiwa. Watu hupenda kuendesha juu ya mchanga kutoka Msimbati kwenda Ruvula, kwa kuwa maji yakipwa njia ni nyeupe na ngumu kama lami. Mwaka mmoja nilikwenda na rafiki, gari la kuazima, asubuhi safi kabisa. Tukala, tukaogelea, tukalala chini ya mvinje. Tulipoamka saa nane njia ilikuwa imekuwa ukanda, na tulipofika katikati ya safari ilikuwa imekuwa uzi. Rafiki yangu akakwepa wimbi moja kwenda juu, kwenye mchanga laini, na gari likakaa. Nilichimba kwa sahani. Walikuja vijana sita na mama mmoja, na mama ndiye aliyetoa amri: punguzeni upepo wa matairi, leteni makuti, usikanyage mafuta, baba, usikanyage. Gari lilitoka maji yakigusa mlango. Nilipomshukuru akaniuliza kwa upole kama huko nilikotoka hakuna mwezi.

Kwa hiyo: kama utaendesha ufukoni, ingia maji yakiwa yanaendelea kupwa, si yameanza kurudi; toka kabla ya saa mbili kupita tangu yalipofika chini kabisa; shusha upepo wa matairi mapema; na siku za maji mafu acha, kwa kuwa ufuko haufunguki vya kutosha. La busara zaidi ni kuliacha gari kijijini na kutembea.

Ruvula, ukingoni, waulize wazee juu ya Mwingereza Latham Leslie-Moore aliyejenga nyumba yake huko, akaanza kudai kwamba rasi ya Msimbati ni nchi huru. Serikali ilimvumilia muda, ikamfukuza mwaka 1967. Magofu yake yapo. Kila nikisimama pale namwelewa kidogo, hasa jioni, ila angewauliza wenye Msimbati yao kwanza.

Mtoni

Ruvuma inaingia baharini kusini ya ghuba, katikati ya mikoko iliyomshinda Livingstone na ngamia wake. Kuifikia ni kwa boti au ngalawa, kwa mpango na ofisi ya hifadhi, na hapa tena maji ndiyo bosi: boti huingia vijitoni maji yakijaa na hutoka kabla hayajapwa, la sivyo mnalala na mbu. Mwombe nahodha akufundishe miti. Mkoko wenye mizizi ya magoti, mchu unaochomoza vidole juu ya tope, mkandaa uliokuwa ukitoa rangi ya ngozi, mlilana unaosimama mbele ya yote kukabili bahari, mkomafi wenye matunda kama mipira. Mpaka ukirudi utakuwa umeacha kuiita yote mikoko. Viboko na mamba wapo mtoni, na si wa kuhadithiwa. Mkono usiuning'inize nje ya boti.

Ng'ambo ni Msumbiji. Mpaka haukuwa hapo sikuzote: Wajerumani walishika pembe ya Kionga, kusini ya mdomo wa mto, tangu 1894 hadi Wareno walipoitwaa tena mwaka 1916. Leo ukitaka kuvuka kihalali kuna Kilambo, kwa chombo, au mbali sana bara kwenye Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Lakini tangu 2017 jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo huko, lina vita, na mwezi Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka mto hadi kijiji cha Kitaya upande wetu. Kwa hiyo usitembee kandokando ya Ruvuma bila kupita kwanza kwa ofisa mtendaji wa kijiji au polisi, tembea na kitambulisho, kamera iache mkobani ukiona askari, na ukiambiwa rudi, rudi bila mjadala.

Lini, na ule nini

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba: mvua hakuna, kusi inapuliza, usiku unaweza kutaka shuka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Aprili na mwanzo wa Mei ni miezi ya kusikiliza redio. Kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa Aprili 2019 na kuwahamisha watu wa Mtwara kabla hakijaipiga Msumbiji, na Mei 2024 mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, mabasi yakakwama. Miezi hiyo weka siku mbili za ziada.

Oktoba hadi Desemba ni korosho. Kila ua unanukia mabibo, na utakaribishwa uraka, maji ya mabibo yaliyochacha. Glasi ya kwanza ni tamu kama juisi. Ya tatu uwe umekaa karibu na kitanda chako. Korosho nunua zilizobanguliwa na kukaangwa na kina mama, si kwenye pakiti, na onja kabla: iliyoungua huwa chungu, mbichi huganda menoni. Ming'oko huuzwa imechemshwa, kwenye beseni, na chumvi na pilipili ya kusaga. Menya kwa vidole, chovya, tafuna, nyuzi teme. Wageni husema ni kama kiazi kilichokataa kuwa kiazi. Rudia siku ya pili utaelewa. Jioni tafuta pweza wa kuchoma na kisamvu cha nazi, na kama muuzaji ni bibi, usipunguze bei zaidi ya mara moja.

Kama kilima cha Mikindani kimekuachia hamu ya vilima, panda Newala, karibu kilomita 150 bara, juu ya uwanda wa Makonde. Mabasi madogo huondoka alfajiri. Pale mjini uliza Shimo la Mungu: ardhi inakatika miguuni mwako na bonde la Ruvuma linaanza chini huko, rangi ya ukungu, hadi Msumbiji. Hakuna uzio, hivyo watoto washike mkono. Nenda asubuhi, na chukua sweta.